Alama za Njia na Ushahidi wa Fundi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeitandaza ardhi, akaikita milima juu yake, akapasua mito na njia, na akawawekea wasafiri alama za kujiongozea. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na Amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninawausia nyinyi, nami ninaiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, mchana na usiku. Na neno hili la mchana na usiku naomba mlihifadhi, maana tutalirejea.

Ndugu zangu mliohudhuria, na nyinyi wasikilizaji wetu mlioko majumbani na mabwenini, maudhui ya leo yaweza kuwashangaza baadhi yenu. Tutazungumza juu ya vibao vya barabarani, na mistari iliyochorwa juu ya lami, na mafundi wanaoifanya kazi hiyo. Yupo atakayesema: “Leo Sheikh ameacha kutufundisha dini, anatufundisha udereva.” Huyo namwomba asubiri kidogo.

Katika Suratun-Nahl, Aya ya 15 na ya 16, Mwenyezi Mungu anazihesabu neema zake alizoziweka ardhini. Anaitaja milima, anaitaja mito, anazitaja njia. Kisha anazitaja alama, na baada yake nyota ambazo kwazo watu hujiongoza. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake na juu ya baba yake, kwamba alama hizo ni zile za njia zinazoonekana mchana, ama nyota ni za usiku. Basi oneni jinsi alama ya njia ilivyotukuzwa: imetajwa pamoja na milima na nyota, katika safu moja ya neema. Na oneni vile vile kuwa msafiri hakuachwa bila ya kiongozi hata saa moja. Jua likizama, ile alama ya mchana inampokeza nyota.

Waislamu wa kale waliifahamu maana hii, wakaifanyia kazi. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, aliyetawala tangu mwaka 685 hadi mwaka 705 Miladia, aliamrisha njia za Sham zitengenezwe na kusimikwa mawe ya maili. Baadhi ya mawe hayo yapo mpaka leo. Yamechongwa jina lake na idadi ya maili za kutoka Damascus au kutoka Baitul-Muqaddas. Hali kadhalika ile njia ya mahujaji itokayo Kufa kwenda Makka, iitwayo kwa jina la Bibi Zubaida, mkewe Khalifa Harun ar-Rashid, iliwekewa visima, mabirika na mawe ya masafa. Jina la Khalifa limo katika jiwe, na jina la Bibi Zubaida limo katika njia. Ama yule fundi aliyelichonga jiwe, akalibeba hadi jangwani na kulisimamisha, hatumjui. Lakini kila msafiri aliyelisoma jiwe lile, akapiga hesabu ya maji yaliyobaki katika kiriba chake, alinufaika na mkono wa mtu yule.

Tuje nyumbani. Kidatu ni mlango wa bonde la Kilombero. Ukitoka Mikumi unateremka hadi hapa, unauvuka mto Ruaha Mkuu, kisha unaishika barabara ya Ifakara. Kuumeni kwako iko milima ya Udzungwa na msitu wake. Kushotoni yako mashamba ya miwa na mpunga. Unapita Sanje, Mkula, Mang’ula, Kisawasawa, Kiberege na Signali, mwendo wa kilomita zipatazo 67, mpaka Ifakara. Na kutoka Ifakara unauvuka mto Kilombero kwa daraja la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018, mahali ambapo kabla ya hapo watu walikuwa wakivuka kwa kivuko, na roho za watu zimepotea katika maji yale.

Na barabara yenyewe, wazee waliomo humu wanaikumbuka ilivyokuwa. Kiangazi vumbi, masika tope. Lori likinasa Sanje, abiria hulala Sanje. Dereva wa siku zile hakuhitaji kibao cha kumwambia apunguze mwendo; shimo lilikuwa likimwambia. Sasa lami imefika, nasi tunamshukuru Mwenyezi Mungu, kisha tunawashukuru wote walioifanyia kazi. Mgonjwa anayekimbizwa hospitalini Ifakara hafii njiani kwa kukwama. Mpunga unafika sokoni. Lakini pamoja na neema hiyo umekuja mwendo wa kasi. Shimo limefukiwa, na ile kazi yake ya kuonya imekabidhiwa kibao na mstari.

Wanafunzi wanaotusikiliza na wachukue kalamu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 katika kila sekunde. Dereva akimwona mtoto anaingia barabarani, hupita kiasi cha sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kisha gari huhitaji mita nyingine 30 na ziada hata lisimame. Jumla yake ni mita 50 na kitu. Hiyo ni gari ndogo, katika barabara kavu, yenye breki nzima. Ama trela la miwa, au basi lililojaa abiria, au lami iliyolowa mvua ya Udzungwa, masafa huongezeka sana. Usiku, taa za gari zikiinamishwa ili zisimwumize anayekuja mbele, mwanga wake hufika mita 40 au 50 tu. Kwa hesabu hiyo, mtoto anayeonekana mwishoni mwa mwanga ule amekwisha chelewa kuonekana. Kibao cha shule kilichosimikwa mahali pake kinampa dereva habari ya mtoto kabla ya mtoto mwenyewe kuonekana.

Na msidhani kuwa haya ni mambo madogo ya dunia. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, limeeleza kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza katika kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Nasi tunasoma katika Suratul-Maida, Aya ya 32, kwamba anayeiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote.

Sasa nataka mumjue fundi mwenyewe, maana wengi wetu tunaiona kazi yake wala hatumwoni yeye. Nimepata kukaa na watu wa kazi hii na kuwauliza, na nimejifunza kwao mambo ambayo hayamo katika vitabu vyetu vya madrasa.

Kazi yake huanza kwa ufagio. Rangi haishiki juu ya vumbi wala juu ya unyevu. Kwa hivyo fundi wa bonde hili, ambalo ukungu hushuka milimani alfajiri na mvua haina adabu ya kubisha hodi, hungoja mpaka jua liikaushe lami. Katika msimu wa kuvuna miwa hali huwa ngumu zaidi, kwani magurudumu ya matrekta hutoka na udongo wa mashambani na kuupaka barabarani. Akisha kufagia hupima, hunyoosha uzi, hutia alama za chokaa, kisha hurudi nyuma na kuinama kutazama kama uzi umenyooka. Upotovu wa upana wa kiganja mahali anapoanzia, akiufuata bila kuusahihisha, mbele utampeleka dereva nje ya njia.

Rangi zenyewe ni za namna mbili. Iko ya majimaji, inayopigwa kama rangi ya nyumba. Hii ni rahisi, na huchakaa upesi. Na iko ile inayokuja katika hali ya unga, ikayeyushwa ndani ya pipa juu ya moto wa gesi mpaka ifike nyuzi 180 au 200 za Selsiasi, ikawa kama uji mzito. Moto ukipungua haishikamani na lami, nayo itabanduka vipande vipande kabla mwaka haujaisha. Moto ukizidi huungua na kugeuka rangi. Fundi hukaa na kipimajoto chake akilikoroga pipa hilo juani, amevaa buti na glavu, ilhali lami chini yake nayo inatoa joto lake. Tone moja likimrukia huchukua ngozi. Kisha huimimina katika kitoroli chenye mdomo, akakisukuma kwa mwendo mmoja, asikimbie wala asisite, na nyuma yake hubaki mstari wenye unene wa milimita mbili au tatu hivi.

Kwa njia, mstari wa katikati si jambo la kale sana. Mwaka 1911, katika wilaya ya Wayne, jimbo la Michigan huko Marekani, mtu mmoja aitwaye Edward Hines, aliyekuwa katika bodi ya barabara ya wilaya ile, alichoresha mstari wa kugawa barabara ili waendao na warudio wasigongane. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia alipoiona gari ya maziwa ikivuja na kuacha mchirizi mweupe njiani. Maziwa yaliyomwagika watu wote waliyaona. Yeye akaona mpaka wa kuwalinda watu.

Tuendelee. Kabla rangi haijaganda, fundi huinyunyizia shanga za kioo, ndogo mfano wa chembe za mchanga. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Mwanga wa taa za gari ukiingia katika chembe ile hupinda, hugonga rangi iliyo nyuma yake, na hurudi kule kule ulikotoka, karibu na macho ya dereva. Mstari hauna taa. Humrudishia dereva mwanga wake mwenyewe. Vibao navyo hutengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo, kwa karatasi maalumu ya kung’aa inayobandikwa juu ya bati. Hapa Kidatu tuna bwawa na mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 204, iliyoanza kazi katika miaka ya 1970, na umeme wake umewaka katika miji ya mbali kwa karibu nusu karne. Hata hivyo hakuna nchi iwezayo kusimamisha taa kila hatua ya njia zake za mashambani na misituni. Mahali pa taa hizo pameshikwa na chembe za kioo zinazouzwa kwa mifuko.

Na chembe hizo zina masharti yake. Rangi ikiwa imepoa, hukaa juu juu na kung’olewa na magurudumu katika siku chache. Rangi ikiwa moto mno, huzama na kupotea. Yatakiwa zizame nusu, nusu ibaki nje. Muda wa kuzinyunyiza ni mfupi, na mkono hauna nafasi ya kujaribu tena.

Sasa lirudieni lile neno la mchana na usiku. Ndugu zangu, mstari usiotiwa shanga za kutosha, mchana ni mweupe kama kanzu ya Idi. Mkaguzi akija saa nne asubuhi atausifu, ataweka saini, na malipo yatatoka. Usiku, mvua ikinyesha, mstari ule haupo. Dereva anatafuta ukingo wa barabara karibu na Kisawasawa, haoni ila weusi juu ya weusi. Mfuko wa shanga uliopunguzwa umebaki ghalani au umeuzwa, na hakuna mtu awezaye kuhesabu chembe za kioo katika kilomita nzima ya barabara. Mwenyezi Mungu, ambaye jani halianguki ila analijua, anazijua.

Katika Suratul-Mutaffifin Mwenyezi Mungu amewatishia maangamio wale ambao wakijipimia wao hutaka kamili, na wakiwapimia wengine hupunja. Sisi tukiisoma Sura hii fikra zetu huenda sokoni, kwa muuza mchele na pishi yake. Na muuza mchele anaogopwa zaidi kuliko anavyostahili, maana aliyepunjwa kibaba cha mchele anajua, na anaweza kurudi akadai. Je, aliyepunjwa milimita moja ya rangi, au chembe za kioo, atarudi kwa nani? Wengine hawarudi hata nyumbani kwao.

Kwa ajili hiyo, anayeajiri watu wa kazi hii na aisome kwa makini habari ya Nabii Musa, Amani iwe juu yake, katika Suratul-Qasas, Aya ya 26. Binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Musa, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Wanazuoni wameeleza kuwa nguvu katika kila kazi ni uwezo wa kuitenda kazi ile. Fundi mwaminifu asiyejua kiwango cha moto ataharibu, na fundi hodari asiyekuwa na amana ataharibu kwa ustadi. Huyu wa pili namwogopa zaidi.

Ndugu wasikilizaji, mimi nasema kwamba kibao cha barabarani ni shahidi. Amesimamishwa pale aseme neno moja kwa kila apitaye: mbele kuna kona, mbele kuna watoto, mbele kuna njia ya reli, hapa usimpite mwenzako. Fundi amekwisha ondoka, pengine amekwisha kufa, na ushahidi wake unaendelea kutolewa usiku na mchana, kwa Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, kwa mwenyeji wa Mang’ula na kwa mgeni ambaye hajapata kuiona njia ile maishani mwake. Na mgeni ndiye anayemhitaji zaidi, kwa kuwa mwenyeji anaijua kona kwa mazoea.

Ikiwa kibao ni shahidi, basi hukumu za ushahidi zinamhusu. Katika Suratul-Baqara, Aya ya 283, tumekatazwa kuuficha ushahidi, na moyo wa mwenye kuuficha umehukumiwa kuwa ni wenye dhambi. Mhandisi au fundi anayejua kwamba kona fulani inahitaji kibao, akaiacha kwa kuwa ni mbali na gari la ofisi halina mafuta, naye hakumwarifu mkubwa wake, ameficha ushahidi. Tena uko ushahidi wa uongo, nao watu hawaudhanii. Kibao kisemacho “Mafundi kazini”, kilichoachwa miezi sita baada ya mafundi kwenda zao, ni cha uongo. Kibao cha mwendo wa kilomita 30 kilichosahauliwa mahali palipo wazi, pasipo na nyumba wala shule, humfundisha dereva kuwa vibao havina maana. Na atakapokikuta cha kweli mbele ya shule ya msingi, atakuwa amekwisha zoea kutokiamini. Hivyo fundi anayerudi kuondoa kibao kilichokwisha muda wake amefanya kazi kubwa sawa na aliyekisimika, ijapokuwa hakuna atakayempigia makofi.

Nyote mnaijua Hadithi ya matawi ya imani, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo kwa mapokezi ya Muslim imeeleza kuwa tawi la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Na mnaijua ile ya mtu aliyekuta tawi la miiba njiani akaliondoa, Mwenyezi Mungu akamkubalia na kumsamehe. Tawi la miiba! Huenda lilikuwa likichoma mguu na kupasua nguo. Basi mwenye kuondoa giza katika kona inayopindua mabasi, ujira wake tumwachie Mola wake.

Nimefika mahali pazito. Kuna watu wanaoiba vibao. Wanakata nguzo kwa msumeno, wanang’oa bati, wanauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Uovu huu umeenea katika nchi yetu, na wala bonde letu halikusalimika. Matokeo yake mafundi wanalazimika kutafuta nguzo za zege au kuvitoboa vibao matundu ili visiwe na thamani kwa mwizi. Tazameni hali hii: umma unatoboa vyombo vyake wenyewe kwa kuogopa watoto wake.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Sayyidna Ali, Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kwamba Mtume, Rehema na Amani zimshukie, amemtaja miongoni mwa waliolaaniwa mtu anayebadilisha alama za ardhi. Kubwa katika maana yake ni mipaka ya mashamba. Na wako waliozihesabu ndani yake alama za kuwaongoza wasafiri. Na Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Ibn Abbas Hadithi inayomtaja kuwa amelaaniwa anayempoteza kipofu njia. Naomba mkae na Hadithi hii kidogo. Ni nani kipofu wa barabarani? Ni dereva wa usiku, mgeni, katika mvua, ambaye macho yake yanafika mita 40 na gari lake linahitaji mita 50. Yule aliyeng’oa kibao cha kona amemshika mkono kipofu huyu na kumwelekeza korongoni, kwa thamani ya chuma cha kilo chache.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamezungumza juu ya mtu anayechimba kisima katika njia ya watu wote bila ya idhini, kisha mpita njia akatumbukia; nao wamemtwika dhamana aliyechimba, ijapokuwa hakumsukuma mtu. Mimi sioni kuwa mwizi wa kibao yuko mbali na hukumu hiyo. Na mnunuzi wa chuma chakavu anayeiona rangi nyekundu ya pembetatu juu ya bati, akalikunja haraka na kulitupa chini ya lundo, asidhani kuwa mizani yake imemtakasa. Anajua alichokinunua. Na mama anayepelekewa nyumbani fedha za aina hiyo na amwulize kijana wake zimetoka wapi, kabla hajazinunulia unga.

Sasa tujiulize sisi wenyewe tulio safi wa wizi. Ni nani anayebandika matangazo juu ya vibao? Wanasiasa wamo, waganga wa kienyeji wamo, wenye ngoma wamo. Na matangazo ya Maulidi na mihadhara yetu nayo yamo, yamegundishwa kwa gundi ya unga juu ya uso wa kibao cha kivuko. Tunawaita watu kwenye sira ya Mtume aliyetufundisha kuondoa udhia njiani, na mwaliko wenyewe tumeufanya kuwa udhia! Kamati za misikiti yetu, tangu Maulidi ijayo, ziwaagize vijana mbao za matangazo ziko wapi. Na mwenye nyumba ambaye mwembe au ua wake umekifunika kibao, achukue panga Jumamosi akate matawi. Hahitaji barua ya ofisi kwa hilo.

Nina neno pia kwa wazee. Kijana akimaliza shule akasema anataka kwenda chuo cha ujenzi kule Morogoro, au kujifunza ufundi wa vibao na mistari, baba hukunja uso: “Nimekusomesha ukapake rangi barabarani?” Huyu baba angefurahi mwanawe akae nyuma ya meza asitende lolote. Nabii Daudi, Amani iwe juu yake, alikuwa mfalme, na Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma akitengeneze deraya kwa mikono yake, awakinge watu na mapigo ya vita. Kazi ya kuwakinga watu ilitosha kuwa fahari ya Mtume. Barabara za mitaa na vijiji, ambazo tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, na zile kuu zilizo chini ya TANROADS, zitahitaji mikono hii kila mwaka, kwa sababu mstari hauchorwi mara moja ukaisha. Magurudumu huula, jua huula, na kila baada ya muda lazima mtu arudi na ufagio na uzi.

Na mtu huyo akirudi, mpisheni. Anafanya kazi ameinama, mara nyingi magari yakimpita mgongoni, na kinga yake ni koni chache za plastiki na mwenzake mwenye kibendera. Dereva wa bajaji na bodaboda anayezipenya koni zile kwa kuokoa dakika mbili anaharibu rangi mbichi, na pengine anaharibu mguu wa mtu. Wakandarasi nao wasiwape vibarua kazi ya moto wa nyuzi 200 wakiwa na kandambili. Buti na glavu ni haki yao, wala si hisani; na ujira wao, kama tulivyofundishwa, walipwe kabla jasho halijakauka.

Ewe Mwenyezi Mungu, wahifadhi watoto wetu wanaovuka barabara asubuhi kwenda shule na jioni kwenda madrasa, Kidatu, Sanje, Mang’ula, Kiberege na kila mahali. Wahifadhi madereva wa usiku, na matrekta ya miwa, na wanaotembea kwa miguu kandoni mwa lami. Wahifadhi mafundi walioko barabarani saa hii. Wape nguvu na amana, na uwarudishe salama kwa watu wao. Warehemu waliokufa katika njia zetu, na uwape subira wafiwa wao. Wape waliochukua vibao vya watu toba ya kweli, na moyo wa kuvirudisha.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu Mtukufu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu, na kwa Waislamu wote, wanaume kwa wanawake. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.